Besi isikike noti yake

Ukipita Sinza, Tabata au Mbagala Jumamosi usiku utaisikia besi ya ukumbi kabla hujauona ukumbi wenyewe. Ingia ndani, tafuta meza, kaa, halafu jaribu kuimba kwa mdomo kile anachopiga mpiga besi. Mara nyingi utashindwa. Kifua kinasukumwa, soda inatetemeka kwenye glasi, mngurumo unapanda na kushuka, lakini kama jamaa yuko kwenye A au kwenye D anajua mwenyewe tu. Hilo linaniuma kila nikilisikia. Yule mtu jukwaani ana mistari yake, kaitunga, kaifanyia mazoezi, na mistari hiyo ndiyo inayowaambia watu wakanyage wapi. Kuifanya mngurumo mtupu ni kumnyang'anya kazi yake.

Mimi ni fundi mitambo hapa Dar. Kabla ya kukaa nyuma ya miksa nilikuwa mpiga besi wa kwaya ya vijana kanisani kwetu Temeke, na gitaa langu nalishika mpaka leo. Wapiga besi hulalamika kwamba mafundi hawaijui besi. Mafundi nao hulalamika kwamba wapiga besi hawaijui mitambo. Haya nawaandikia wote.

Fikiria zile rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ziliingia studio zikapiga: NUTA Jazz iliyoanza 1964, Mlimani Park Orchestra iliyoanza 1978, Maquis, Vijana Jazz. Watu wakazisikiliza kwa redio za betri zenye spika ndogo kuliko kiganja. Spika ya namna hiyo haiwezi kutoa hezi 41, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde, ambayo ndiyo sauti ya uzi mnene wa E ukipigwa wazi. Hata hezi 82 inaihangaisha. Lakini nenda kakae na watu wa rika la baba yangu, uwaombe wakuimbie besi ya Sikinde, yaani hao Mlimani Park. Wataiimba kwa midomo, na kona zake zote. Waliisikia kwenye sauti za juu zinazozaliwa pamoja na ile ya chini. Uzi wa E hautoi hezi 41 peke yake. Unatoa na 82, na 124, na 165, na kuendelea kupanda. Sikio likizipata hizo za juu, ubongo unaijaza ya chini wenyewe.

Kwa hiyo ukiniuliza noti ya besi inakaa wapi, nitakwambia inakaa kuanzia hezi 80 mpaka karibu 1,000. Chini ya hapo kuna uzito wa kusukuma mwili, na muziki wa kucheza unauhitaji sana. Ila ukumbi ukishapewa uzito peke yake, hata ukiongeza spika nne zaidi, noti haitatokea. Mimi huanza na noti. Nikishaisikia vizuri kwenye spika kubwa za juu huku sabufa zimezimwa kabisa, ndipo nawasha sabufa na kuzipandisha polepole mpaka mwili uitike.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye gitaa. Hapa kwetu jasho na hewa ya bahari vinamaliza nyuzi haraka sana. Mtu anapiga kanisani Jumapili, gitaa linaingia kwenye begi likiwa na jasho, na wiki chache baadaye nyuzi zimeshika kutu pale kidole kinapotua. Uzi wa namna hiyo umepoteza sauti zake za juu, zilezile zinazobeba noti, na hakuna kitufe kwenye miksa kinachoweza kurudisha kitu ambacho hakipo. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Zikichoka na hela ya seti mpya haijapatikana, zivue uzichemshe dakika kadhaa kwenye maji safi, uzianike zikauke kabisa kabla ya kuzirudisha. Mafuta na uchafu ulioingia kwenye mikunjo ya waya unatoka na sauti inafufuka. Haidumu, lakini shughuli ya mwisho wa wiki unaimaliza nayo. Ninazozungumzia ni nyuzi zenye mikunjo. Wanaopenda nyuzi laini wana hesabu yao tofauti. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, alitumia nyuzi laini na hakuwa mtu wa kuzibadilisha, na sauti yake ni ya ajabu. Ila tukumbuke kwamba alikuwa studio, besi yake inaingia kwenye mashine moja kwa moja, hakuna dramu inayomfunika wala mabati yanayolia juu ya kichwa.

Kama gitaa lako ni aktivu, yaani lina betri ya volti 9 ndani, jua kwamba betri inaanza kuliwa pale unapochomeka kebo, hata kama hupigi. Watu wanafika ukumbini saa kumi, wanapima sauti, wanaacha kebo imechomekwa mpaka saa tatu usiku onyesho linapoanza. Betri ikikaribia kufa, kwanza noti kali zinaanza kukwaruza, halafu sauti inapungua, halafu kimya. Fundi asiyejua atahangaika na kebo, atapiga ngumi kwenye spika, kumbe kilichokwisha ni betri. Chomoa kebo ukishuka jukwaani. Na weka betri mpya mfukoni, siyo kwenye begi lililobaki kwenye gari.

Baada ya gitaa linakuja boksi la DI, na hapa nitakaa kidogo. Kumbi nyingi zinamwambia mpiga besi achomeke kebo ya gitaa moja kwa moja kwenye miksa. Gitaa pasivu, lile lisilo na betri, lina pikapu (kile kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi) dhaifu inayotaka kuingia mahali penye ukinzani mkubwa sana, kama megaomu 1. Tundu la kawaida la laini kwenye miksa lina kiloomu 10 hivi. Pikapu inalemewa na sauti za juu zinafifia hapohapo, kabla fundi hajagusa kitu. Halafu kebo ya gitaa haikutengenezwa kwa safari ndefu. Ikizidi mita sita inaanza kula sauti za juu na kuokota kila uchafu wa umeme ulio njiani. Sasa fikiria ikitoka jukwaani ikapita chini ya meza za watu mpaka kwenye miksa mwisho wa ukumbi.

Boksi la DI linapokea kebo fupi ya gitaa na kuitoa sauti kwa kebo ya maiki, ile ya pini tatu. Ndani ya kebo ya maiki sauti ileile inasafiri kwenye nyaya mbili, moja ikiwa imegeuzwa. Kelele inayoingia njiani inaingia sawasawa kwenye zote mbili, na ikifika miksa ile iliyogeuzwa inageuzwa tena, kelele zinafutana, besi inabaki. Ndiyo maana kebo ya maiki inaweza kwenda mita 50 bila shida. Kwa gitaa pasivu tumia DI ya aktivu, inayokula volti 48 kutoka kwenye miksa. Kwa gitaa lenye betri, hata DI pasivu inatosha vizuri. Radial J48 ni boksi zuri na ukilipata hutajuta, lakini hata la bei ndogo kutoka maduka ya vifaa vya muziki Kariakoo ni afadhali mara nyingi kuliko kuchomeka moja kwa moja. Mpiga besi, nakusihi, nunua la kwako. Usingoje la ukumbi.

Sasa ule muungurumo wa umeme. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50. Shika gitaa, bana freti ya tatu kwenye uzi wa E, upige. Hiyo ni G, hezi 49. Muungurumo wa umeme unakaa karibu kabisa na hiyo G, juu yake kidogo, na kaka yake wa hezi 100 anakaa karibu na G ya uzi wazi, ambayo ni 98. Kwa hiyo kwenye ukumbi wenye muungurumo, wimbo wowote wa G unasikika kama besi haijatyuniwa. Nimeona mpiga besi anasimamishwa na kiongozi wa bendi katikati ya mazoezi, anaambiwa tyuni gitaa, anatyuni, anaambiwa tena. Gitaa lilikuwa sawa muda wote. Kilichokuwa hakiko sawa ni ukuta wenye soketi.

Mara nyingi chanzo ni kwamba ampu ya besi imechomekwa soketi ya jukwaani na miksa imechomekwa soketi nyingine ya mbali, kila moja ina njia yake ya ardhi, na kebo ya sauti inaziunganisha. Umeme unazunguka humo. Dawa ya kwanza ni kuvuta ekstensheni moja nzuri ili jukwaa na miksa vitumie chanzo kimoja. Dawa ya pili iko kwenye boksi la DI: ile swichi ndogo ya kukata ardhi ya kebo ya sauti. Ibonyeze, usikilize. Mara nyingi kimya kinaingia.

Lakini kamwe usikate pini ya ardhi kwenye plagi ya umeme. Naomba hili lieleweke. Nimekuta ampu nyingi mjini humu ambazo pini ile ndefu imeng'olewa au waya wa ethi umekatwa ndani ya plagi, na mwenyewe anakwambia kwa furaha kwamba sasa haingurumi. Siku ampu hiyo ikipata hitilafu, nyuzi za gitaa zina umeme, mkono wako una jasho, na mdomo wako unagusa maiki iliyounganishwa na ardhi ya miksa. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Uskoti, alifia jukwaani Swansea mwaka 1972 kwa umeme alipogusa maiki. Ukikuta plagi iliyokatwa, irudishie pini yake kabla ya jambo lolote lingine, hata kama mwenye ukumbi anakuharakisha.

Nije kwenye sabufa, maana hapa ndipo noti nyingi zinapotea na watu hawajui kwa nini.

Kulikuwa na kazi kwenye baa moja ya wazi Kinondoni, bendi ya dansi ya wazee, na mpiga besi wao ni mtu mzima kweli, ameanza kupiga kabla sijazaliwa. Nikamwendea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo fundi ni wewe?"

"Ndiyo mzee wangu."

"Sikiliza basi. Mimi sitaki besi kubwa. Nataka A yangu isikike kule nyuma, kwenye zile meza za karibu na jiko la nyama. Kila nikipiga hapa, rafiki zangu wanaokaa kule wananiambia leo hukupiga A."

Mwenye baa alikuwa ameziweka sabufa mbili kama wengi wanavyoziweka, moja kulia kwa jukwaa, moja kushoto. Nikamwomba mzee arudierudie A ya uzi wazi, polepole, mimi nikatembea. Katikati ya uwanja, mbele ya jukwaa, A ilikuwa imejaa. Nilipofika kwenye zile meza za karibu na jiko, ikatoweka. Haikupungua tu, ilitoweka. Nikampungia mkono apige G ya uzi wazi. G ikanguruma, meza ikatikisika. Nikampungia tena, A. Hakuna kitu. Rafiki zake walikuwa wakisema kweli.

Hesabu yake ni hii. Kwa joto letu, sauti inakwenda karibu mita 350 kwa sekunde. A ya uzi wazi ni hezi 55, kwa hiyo wimbi lake moja lina urefu wa mita 6.4 hivi. Ukikaa mahali ambapo sabufa moja iko mbali kuliko ya pili kwa nusu ya urefu huo, yaani mita 3.2, wimbi la huku linasukuma wakati la kule linavuta, na yanauana. G ya hezi 98 ina wimbi la mita 3.6, kwa hiyo tofauti ileile ya mita 3.2 kwake ni karibu wimbi zima, na mawili yanasaidiana. Ndiyo maana meza moja inakosa A na kuzidiwa na G, na meza ya jirani inakosa noti nyingine kabisa. Hakuna ekwalaiza inayoponya hilo, kwa sababu ukiongeza A kwa ajili ya watu wa jikoni, unawaua wa katikati.

Tukazibeba sabufa zote mbili tukaziweka pamoja, zimegusana, chini katikati ya jukwaa. Mwenye baa hakupenda sura yake, alisema jukwaa limekuwa kama lina meno. Nikamwomba asubiri asikie kwanza. Mzee akapiga ngazi nzima, E mpaka G ya juu, nami nikazunguka kote: mbele, pembeni, kaunta, jikoni. Noti zote zilikuwepo, kila mahali, kwa kiasi kinachokaribiana. Na tulipata nguvu ya ziada bure, kwa sababu sabufa mbili zikikaa pamoja zinasaidiana kwenye kila noti na kwa kila anayesikiliza. Kwenye baa ya wazi, ambako hakuna ukuta wa kuirudisha besi na sehemu kubwa inaondoka na upepo, nguvu hiyo ni ya thamani sana. Ukipata na ukuta imara nyuma yake, ziegemeze hapo, zitaongezeka tena.

Usiziweke juu ya jukwaa la mbao lenye uwazi chini. Jukwaa linageuka kuwa ngoma yenyewe, linalia noti yake moja kila noti yoyote ikipigwa. Hata ampu ya mpiga besi inasumbua ikikaa juu ya mbao hizo. Mimi huiweka juu ya kreti la soda. Inatengana na mbao, na inapanda ikaribie masikio ya mpigaji. Wapiga besi wengi wanapandisha sauti ya ampu kwa sababu inawapiga kwenye magoti, na masikio hayana mahali pa kuisikilizia. Watu wa meza za mbele ndio wanaoumia. Ipandishe, iinamishe imtazame usoni, utaona mwenyewe anaishusha bila kuombwa.

Kwenye miksa sifanyi mengi. Geini kwanza, yaani nguvu ya sauti inayoingia kwenye miksa: namwomba mpigaji apige kwa nguvu yake yote ya sebene, siyo ile ya kujaribu kwa adabu wakati wa kupima, maana kwenye sebene mkono unaongezeka mara mbili. Kwenye miksa za dijitali kama X32, naiacha ile kali kabisa ibaki chini ya sifuri kwa desibeli 6 angalau.

Halafu kichujio cha sauti za chini. Nakata kila kitu kilicho chini ya hezi 35 au 40. Wapiga besi wenye nyuzi tano hushtuka nikisema hivyo, kwa kuwa uzi wa B ukiwa wazi ni hezi 31. Lakini sabufa tulizonazo kwenye kumbi nyingi, za inchi 15 au 18, zikifika huko chini zinapepea tu, zinakula nguvu ya ampu na hazitoi sauti ya maana. Ukikata, B inasikika vizuri zaidi kwa hezi 62 yake, na spika inapumua. Jirani wa ukumbi naye anapumua, maana sauti hizo za chini ndizo zinazopenya kuta na kumfikia mtu kitandani. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wamekuwa wakifuatilia kelele za baa, kumbi na nyumba za ibada, na mimi naona wana haki.

Baada ya hapo napunguza kwenye 200 mpaka 300, ambako kumbi zetu za mabati na saruji hujaa matope. Desibeli 3 au 4 zinatosha. Kisha naongeza kidogo kwenye 700 au 800, ambako kidole kinasikika kikiubana uzi. Ukiisikiliza besi hiyo peke yake utaiona mbaya, ina pua. Usiogope. Rudisha bendi nzima, tumba, solo, rizimu, waimbaji, na ile pua ndiyo itakayoifikisha noti kwa yule aliyekaa mwisho. Besi inayopendeza ikiwa peke yake, nzito na tamu, mara nyingi bendi ikiingia inazama.

Kompresa, ile inayobana sauti zikizidi, naiweka uwiano wa 4 kwa 1, ianze kubana baada ya milisekunde 30 ili mgongano wa kidole na uzi upite, na iachie ndani ya milisekunde 150. Ibane desibeli 4 mpaka 6 kwenye noti kali. Kama mpigaji ana mkono ulio sawa, siiwashi kabisa. Yule mzee wa Kinondoni hakuihitaji hata kidogo.

Sabufa nazilisha kwa oksi, yaani njia ya pembeni ya kutoa sauti kwenye miksa, yake peke yake. Humo naingiza besi, ngoma ya mguu na kinanda, basi. Maiki za waimbaji hazina kazi huko. Zinachobeba kwenda kwenye sabufa ni pumzi, vishindo vya jukwaa na besi iliyovuja.

Kuna kazi nyingine ambayo haiko kwenye miksa, nayo ni kuongea na watu. Kanisani na kwenye taarabu ya kisasa, mpiga kinanda ana mkono wa kushoto, na mkono huo unapenda kukaa palepale besi ilipo. Noti mbili za chini zilizo karibu zinavurugana, na hapo hakuna fundi wa kuzitenganisha. Namwendea kwa heshima: "Dada, naomba mkono wa kushoto uupandishe oktavu moja palipo na gitaa la besi." Wengi wanakubali mara moja, na wimbo unafunguka. Kwa waimbaji wa bongo fleva wanaokuja na bendi huku wana wimbo uliorekodiwa kwenye kompyuta, nauliza kabla ya kuanza: besi ya kwenye kompyuta inatoka? Kama mpiga besi yupo, ile izimwe. Mkimwacha mtu asimame jukwaani na besi ya mashine ikipita juu yake, afadhali mngemwambia abaki nyumbani.

Na ngoma ya mguu. Lazima mkubaliane nani anakaa chini ya mwenzake. Kwenye dansi, besi inatembea, inaruka mpaka juu kwenye sebene, ina maneno mengi. Hapo ngoma ya mguu naipa hezi 60 na mlio wake wa juu wa kugongwa kwenye 3,000, besi naipa 80 mpaka 150. Kwenye mapigo ya kisasa ambayo ngoma inapiga kila kipande na besi inashikilia noti ndefu, nageuza. Ninachosikiliza ni wakati zinapopigwa pamoja: ikiwa nasikia vitu viwili, nimemaliza.

Ukipima sauti ukumbi ukiwa mtupu, iache besi ikiwa nyembamba kidogo kuliko unavyopenda. Watu wakijaa, miili na nguo vinameza sauti za kati na za juu zaidi kuliko za chini. Ile besi iliyokuwa nzuri saa kumi na moja, saa nne usiku imekuwa nene na noti zimefunikwa, na fundi hakugusa kitu. Tembea tena ukumbi ukishajaa. Acha miksa kwa wimbo mmoja, nenda mpaka choo, mpaka kaunta, mpaka jikoni, usikilize.

Mpiga besi, nawe una sehemu yako. Usibadilishe vitufe vya gitaa katikati ya onyesho bila kumpa fundi ishara, kwa sababu ukiongeza besi kwenye gitaa unaiongeza pia kwenye DI na kazi yote niliyoifanya inavunjika. Kama husikii jukwaani, niambie nikupe kwenye monita. Omba hasa sauti za kati, siyo za chini, kwa kuwa za chini utazipata za kutosha kutoka kwenye sabufa zilizo mbele yako. Na njoo mapema. Nipe dakika kumi za besi peke yake kabla dramu hazijafungwa: uzi mmoja mmoja, wazi, polepole, kuanzia E, na mimi nitakuwa natembea kati ya meza.